Tepu za zamani zinaweza kusubiri kidogo, mashine zake haziwezi

Asubuhi moja mzee kutoka upande wa Ilongero alifika studioni kwetu akiwa na mfuko wa salfeti begani. Ndani ya mfuko kulikuwa na rili tatu za tepu, kila moja kwenye boksi lake la karatasi ngumu. Juu ya boksi moja mtu alikuwa ameandika kwa wino jina la baba yake mzee huyo, na chini yake neno moja: mavuno. Alitueleza kwamba baba yake alirekodiwa miaka ya 70 mwanzoni akizungumza na vijana wa ukoo kwa Kinyaturu, na kwamba tangu alipofariki hakuna mtu nyumbani aliyeisikia tena sauti yake.

Tulimwamkia, tukampa kiti. Swali lake lilikuwa fupi: "Wanangu, ninyi ni watu wa redio. Mnaweza kuifungulia hii?"

Tulijibu ndiyo, na tulijibu haraka kuliko ilivyofaa. Studio yetu ina mashine moja ya kuchezea rili. Tuliikuta stoo tulipohamia jengo hili, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubeba birika la chai. Tulifuta vumbi, tukaichomeka, taa yake ikawaka. Tukaweka rili, tukabonyeza. Rili ya kushoto ilikataa kuzunguka, mashine ikaendelea kuvuta, na tepu ikarefuka kama ulimbo kabla mkono haujafika kwenye swichi. Kipande kile hakitasikika tena. Tunakadiria ni sekunde sita za maneno ya marehemu.

Mzee hakutulaumu. Alisema tu, "Basi jifunzeni kwanza, nitasubiri." Tumejifunza, na tumeona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko rili tatu za ukoo mmoja. Ndiyo maana tunaliandika hapa, ili wewe msikilizaji wa Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni au Itigi mwenye boksi kama lile juu ya kabati ujue cha kufanya na cha kutofanya.

Tepu gani tunazizungumzia

Hatuzungumzii kaseti ndogo za redio kaseti, ingawa nazo zina matatizo yake. Tunazungumzia tepu pana kidogo, yenye upana wa milimita 6.3 hivi, iliyozungushwa kwenye rili iliyo wazi kama rili kubwa ya uzi. Rili moja inawekwa kushoto ikiwa imejaa, nyingine kulia ikiwa tupu, na tepu inapita katikati mbele ya vipande vidogo vya chuma vinavyoitwa hedi. Hedi moja inafuta, nyingine inarekodi, nyingine inasoma. Mashine za kawaida zaidi zina hedi mbili tu, na moja ya hizo inafanya kazi ya kurekodi na kusoma.

Kwa zaidi ya miaka 30 redio ya nchi hii iliishi ndani ya tepu za namna hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwaka 1956 likazaliwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo urithi wake leo uko mikononi mwa TBC. Bendi kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilirekodiwa katika studio za RTD. Hotuba za Mwalimu Nyerere zilirekodiwa kwa tepu hizo, ikiwemo ile ya Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo vikundi vya wanavijiji karibu milioni mbili walikaa pamoja kusikiliza redio na kisha kuchimba vyoo na kufyeka nyasi, nayo iliendeshwa kwa vipindi vilivyorekodiwa.

Redio ya dini pia ilitegemea tepu. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977 kituo cha Radio Sauti ya Injili kilirusha matangazo kutoka Addis Ababa, Ethiopia. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa Moshi na kusafirishwa kwa tepu hadi huko. Kwa hiyo usishangae ukikuta rili kwenye stoo ya usharika, kwenye ofisi ya zamani ya ushirika, au nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Tepu zilikuwa zinasafiri.

Kinachokufa kwanza

Wengi wanadhani tatizo ni tepu kuoza. Tepu nyingi za wakati ule, kama hazikulowa na hazikuungua, bado zina sauti. Kinachokufa kwanza ni mashine ya kuisoma, na kabla ya mashine anaanza kuondoka mtu anayejua kuirekebisha.

Wenzetu waliliona hili mapema. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitahadharisha kwamba tepu ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta kufikia 2025 zitakuwa katika hatari ya kupotea moja kwa moja. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, wakatoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya jambo hilohilo. Hoja yao ni kwamba viwanda vimeacha kutengeneza mashine, vipuri vinakwisha na mafundi wanastaafu. Mwaka uliotajwa kuwa mwisho tumeshaufikia.

Ni kweli kwamba kampuni ya Revox, iliyowahi kutoa mashine maarufu za A77 mwaka 1967 na B77 mwaka 1977, imeirudisha B77 sokoni kwa sura mpya. Lakini bei yake ni ya kununulia gari, na wanaolengwa ni matajiri wapenda muziki wa Ulaya na Marekani. Redio ya mkoani, usharika wa kijijini au ukoo wa Ilongero hauwezi kungoja mashine hiyo. Sisi tuna zile za zamani tu, na zile za zamani zinahitaji mkono unaozijua.

Dalili, chanzo, na dawa

Baada ya ajali yetu tulimtafuta fundi mitambo mstaafu aliyefanya kazi na mashine hizi miaka ya 80. Alipoingia tu, kabla hata ya kuitikia shikamoo ya pili, aliondoa birika juu ya mashine. Kisha akakaa nasi siku mbili. Haya ndiyo tuliyoyaona kwa macho.

La kwanza ni breki. Kila rili ina breki yake, mkanda mdogo au kipande cha kitambaa kigumu kinachobana gurudumu lililo chini ya rili. Mashine ikikaa miaka bila kuwashwa, mafuta yanaganda na breki inanasa. Ukibonyeza kucheza, rili haizunguki lakini tepu inavutwa. Hicho ndicho kilichotupata. Tepu za plastiki ya poliesta zinarefuka zikivutwa kwa nguvu, na zile nyembamba zaidi, zenye unene wa mikroni 25, zinarefuka haraka kuliko zile nene za mikroni 50. Dawa yake ni kuzungusha rili kwa mkono mashine ikiwa imezimwa, kisha kuiwasha bila tepu, na mwisho kujaribu kwa tepu isiyo na thamani. Rili ya urithi iwe ya mwisho kupanda kwenye mashine.

La pili ni uchafu kwenye njia ya tepu. Tepu ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma. Unga huo ukidondoka unajibandika kwenye hedi, na sauti inatoka kama ya mtu anayeongea amefunika mdomo na blanketi. Fundi alitumia pamba na spiriti ya isopropili yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 90, ileile ambayo mafundi simu wanasafishia bodi. Alipaka kidogo, akafuta, akabadilisha pamba hadi ikatoka nyeupe. Petroli na tina zinayeyusha plastiki na mpira, kwa hiyo usizitumie.

La tatu ni roli ya mpira. Kinachovuta tepu kwa mwendo sawa ni kijishafti chembamba cha chuma kinachozunguka, na roli ya mpira inayoibana tepu kwenye shafti hiyo. Mpira ukikauka unakuwa mgumu na unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Tepu inateleza, na sauti inapungua kasi kisha inarudi. Mpira ambao umekauka juu tu unaweza kuoshwa kwa maji na sabuni kidogo. Uliopasuka au ulionata kama lami unatakiwa kubadilishwa. Shafti na beringi yake zinahitaji tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja tu, na lisiguse mpira hata kidogo.

La nne ni mkanda wa mota. Mashine nyingi za nyumbani zina mkanda wa mpira unaounganisha mota na magurudumu. Baada ya miaka 40 mkanda huo umelegea au umegeuka ute mweusi. Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoharibu kwa nia njema, kwa kukata tyubu ya baiskeli na kuitumia kama mkanda. Mashine itazunguka, ndiyo, lakini tyubu haina unene sawa pande zote, na sauti itayumba kama ya mtu aliye kwenye mtumbwi. Pima mzingo wa mkanda wa zamani kwa uzi, kisha tafuta mkanda wa duara wa mpira uliotengenezwa kiwandani, mfupi kidogo kuliko ule uliolegea.

La tano ni mwendo. Tepu za redio nyingi zilikimbia sentimita 19 kwa sekunde, na za nyumbani mara nyingi sentimita 9.5. Ukiicheza ya 9.5 kwa mwendo wa 19, mzee anazungumza kama kifaranga. Kupima mwendo hakuhitaji chombo cha gharama. Chukua tepu isiyo na thamani, weka alama mbili zilizoachana mita 5.7 kwa futi ya fundi cherehani, kisha icheze na uhesabu kwa saa ya simu. Kwa mwendo wa 19 alama ya pili inatakiwa kupita baada ya sekunde 30. Ikichukua 32, mashine yako iko polepole, na kila sauti utakayonakili itakuwa nzito kuliko alivyokuwa mwenyewe.

Kuna mtego mwingine kwenye umeme. Mota za mashine nyingi za zamani zinafuata mapigo ya umeme, ambayo hapa kwetu ni 50 kwa sekunde. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ilitengenezwa kwa mapigo 60, na hata ukiiwekea transfoma ya volti itaendelea kuwa polepole kwa sehemu moja ya sita, isipokuwa iwe na namna ya kubadilishwa. Vilevile siku umeme ulipokatika tulijaribu jenereta yetu ndogo. Sauti ilipanda na kushuka kila jenereta ilipobadilisha mlio. Tukazima, tukangoja umeme urudi. Kazi ya kunakili isifanywe kwa jenereta ya namna hiyo.

La sita, na ndilo lililotuuma zaidi, ni wima wa hedi. Hedi ya kusoma ina mwanya mwembamba sana, na mwanya huo unatakiwa kusimama wima kabisa kuelekea tepu, kwa pembe ileile iliyotumika wakati wa kurekodi. Fundi alituelekeza tupige hesabu. Sauti nyembamba yenye mapigo 10,000 kwa sekunde, kwenye tepu inayokimbia sentimita 19, inachukua mikroni 19 tu za urefu wa tepu. Hiyo ni kama robo ya unene wa unywele. Hedi ikiinama kidogo sana, sauti hizo zinafutana, na kinachopotea ni s, sh, f na th. Maneno yanabaki na irabu tupu.

Hedi ina skrubu zaidi ya moja. Moja inarekebisha wima, nyingine zinarekebisha kimo na mwelekeo, na hizo nyingine mtu asiyejua asiziguse. Kijana wetu mmoja alinyoosha bisibisi na fundi akamshika mkono. "Mwanangu, weka alama kwanza, ili ukipotea ujue njia ya kurudi." Akaweka nukta ya rangi ya kucha kwenye skrubu. Kisha akacheza tepu, akageuza skrubu kwa upana wa nusu ya ukucha kwenda kushoto, sauti ikafifia. Akarudi kulia taratibu, na mahali fulani, ghafla, s zikatokea. Hapo akaacha. Alitukumbusha kwamba mashine iliyorekodi inaweza kuwa ilikuwa imeinama, kwa hiyo kila tepu inasikilizwa na kurekebishiwa hedi yake, na baada ya kazi hedi inarudishwa kwenye nukta.

Tepu zisizotakiwa kuchezwa kabisa

Kabla ya kugusa rili yoyote, iangalie na uinuse. Shika rili dhidi ya mwanga wa dirisha. Kama mwanga unapenya katikati ya tepu zilizozungushwa, hiyo ni aseteti, plastiki ya zamani. Haipitishi mwanga? Ni poliesta. Aseteti ikivutwa inakatika moja kwa moja na inaweza kuunganishwa. Poliesta inarefuka na kuharibika. Aseteti yenye harufu ya siki imeanza kuoza, na harufu hiyo inaambukiza wenzake. Iweke mbali na nyingine, mahali penye hewa.

Tepu nyingine, hasa za kuanzia katikati ya miaka ya 70 na 80, gundi yake imefyonza unyevu. Ukiicheza inapiga mluzi na kuacha ute kwenye hedi. Simamisha mara moja. Maabara zinazojua zinapasha tepu za namna hiyo kwa joto la karibu nyuzi 50 kwa saa nyingi, kwa kifaa kinachodhibiti joto, kisha zinanakiliwa haraka. Hilo si jambo la kujaribu nyumbani. Tumesikia wazo la kuanika tepu juani juu ya bati. Jua la Singida halina kidhibiti joto, na aseteti haitakiwi kupashwa kabisa.

Singida inaweza kufanya nini

Adui mkubwa wa tepu ni unyevu. Kwa hilo mkoa wetu mkavu una nafuu kuliko Dar es Salaam, Tanga au Unguja, ambako kuvu huota ndani ya maboksi. Ndiyo maana rili za mzee wa Ilongero zilikuwa nzima baada ya nusu karne. Lakini tuna vumbi la upepo wa Julai na Agosti, na tuna nyumba za bati ambazo dari yake mchana huwa kama tanuru. Tepu isikae darini. Ikae kwenye boksi, imesimama wima kama kitabu, chumbani chini, mbali na spika kubwa kwa sababu spika ina sumaku.

Kingine tulicho nacho ni lugha ambazo hazina rekodi nyingi popote. Kinyaturu na Kinyiramba zina wasemaji wengi, lakini namna wazee wa miaka ya 60 walivyozisema inaondoka nao. Kinyisanzu kina wasemaji wachache zaidi. Kihadzabe, kinachosemwa na watu kama 1,000 hivi karibu na Ziwa Eyasi, wakiwemo wa kijiji cha Munguli wilayani Mkalama, hakina ndugu wa karibu anayejulikana katika lugha za dunia. Watafiti wa nje wamekuwa wakifika kwa Wahadzabe tangu zamani. James Woodburn alianza kuishi nao mwaka 1958. Sauti zilizochukuliwa na wageni mara nyingi ziliondoka nao. Zile zilizochukuliwa na watu wa hapahapa ndizo ziko kwenye mifuko ya salfeti.

Kwamba sauti inaweza kurudi nyumbani tumeliona kwa majirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya, na nakala zikahifadhiwa Afrika Kusini. Mwaka 2015 nakala hizo zilipelekwa kijijini, na watu wakasikiliza sauti za kwao baada ya miaka 65. Hapa Tanzania, mwaka 2012 vijana walianzisha Tanzania Heritage Project kukusanya michango ya kuokoa tepu za RTD. Moyo upo. Kinachokwamisha ni saa.

Tuhesabu. Tepu ya saa moja inanakiliwa kwa saa moja. Hakuna njia ya mkato iliyo salama. Mashine moja ikifanya kazi saa sita kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inanakili saa 1,500. Hifadhi yenye saa 10,000 inahitaji mashine hiyo karibu miaka saba, bila kuharibika hata siku moja. Hatujui mashine ya umri wa miaka 45 isiyoharibika. Kwa hiyo anayesema "tutazinakili siku zijazo, sasa tuna mambo mengine" anapaswa kutaja pia ni mashine ipi itakuwa hai siku hizo, na nani ataishika bisibisi.

Tunachopendekeza hakihitaji majengo. Kwanza, vituo vya redio vya mikoani visitupe mashine za rili, hata zilizokufa, kwa sababu mashine mbili zilizokufa zinaweza kutoa moja iliyo hai. Pili, vyuo vya ufundi na vya utangazaji viwaite wastaafu sasa, wiki mbili tu, wafundishe vijana kusafisha, kupima mwendo na kusimamisha hedi. Sisi tulisomea utangazaji na kupewa cheti bila kugusa rili hata siku moja. Tatu, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake imewekwa na sheria ya mwaka 2002, ifikirie sauti zilizoko mikononi mwa vijiji, makanisa na misikiti, hata kwa kuanza na orodha tu ya nani ana nini.

Na sisi wenyewe tusijisahau. Vipindi vyetu vya miaka michache iliyopita viko kwenye kompyuta iliyoungua. Anayecheka tepu aulize simu yake ya mwaka 2012 iko wapi. Nakala ya kompyuta iwe faili la WAV lisilobanwa, ambalo saa moja ya sauti ya mono kwa kiwango cha 48,000 na biti 24 huchukua karibu megabaiti 520, na iwe sehemu tatu tofauti.

Nawe msikilizaji, ukiwa na rili nyumbani, usiitupe, usiicheze kwa majaribio, na usiruhusu mtu aifute arekodi kitu kingine. Andika kwenye karatasi unachokikumbuka: nani anazungumza, wapi, mwaka gani, nani alirekodi. Weka karatasi ndani ya boksi. Kisha mlete mtu wa redio unayemwamini, na umuulize kama amesafisha hedi.

Mzee wa Ilongero alirudi mwezi uliofuata na dada zake wawili. Rili moja ilikuwa na harufu ya siki. Hatukuigusa, inangoja maabara. Mbili tulizinakili. Pale penye sekunde sita zilizoharibika sauti inazama, kisha inarudi. Walisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Tulimwomba mzee ruhusa ya kurusha sehemu ndogo kwenye kipindi. Alishauriana na dada zake pembeni, kisha akasema yale ni maneno ya ndani ya ukoo na yatabaki huko. Tulimpa nakala tatu na hatukubakiza hata moja.

Mashine iko kwenye meza yake sasa, imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Birika limehamia dirishani.